Eropleni ya Kijana wa Migori Isiyotaka Kupaa

Majuma mawili yaliyopita tulizungumza katika ukurasa huu habari za mikanda ya mashine za posho, tukaahidi kwamba zamu inayofuata itakuwa ya pampu za maji. Wasomaji watuwie radhi, pampu zitangoja. Tumepokea barua kutoka Migori, kurasa nne zilizoandikwa kwa hati safi, na jambo lililomo haliwezi kungoja. Mwandishi wake amekusudia kuuza mitamba wawili alioachiwa na marehemu baba yake, na akiisha kuwauza atafanya jambo ambalo laweza kumtoa roho.

Kijana huyu, ambaye jina lake hatulitaji, ni mchomea vyuma. Kwa muda wa miaka miwili amekuwa akijenga eropleni nyuma ya nyumba ya mama yake. Kiunzi chake amekifanya kwa mabomba ya maji ya chuma ya inchi moja, mabomba 14, kila moja lina urefu wa mita 6. Mabawa yana mbavu za mbao, nayo yamefunikwa mabati membamba juu na chini. Kutoka ncha hata ncha ni mita 8, na upana ni mita moja na nusu. Injini ni ya motakaa kuukuu. Mbele ya shafti yake amefunga rafadha, yaani lile panga linalozunguka na kuivuta ndege, ambayo ameichonga kwa mkono wake katika mti wa mvule. Urefu wake ni mita 1.8. Yeyote aliyepata kuchonga mpini wa jembe ukatoka sawa atajua kwamba hiyo si kazi ya mchezo, na sisi twampa heshima yake kabla ya kusema neno jingine.

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, saa nane mchana, aliikimbiza mashine yake katika barabara ya murramu isiyopitiwa sana na magari, akielekea kaskazini. Rafiki yake alimfuata kando kwa pikipiki ili asome mwendo. Mwendo ulifika kilomita 60 kwa saa, haukuzidi hapo. Gurudumu la mbele halikunyanyuka hata kidogo. Mara moja bawa la kushoto liliinuka, mashine ikapinda, ikaingia majanini. Walipoirudisha barabarani wajaribu tena, maji ya injini yalichemka yakaruka nje. Watu waliokuwa wakitazama walicheka. Kisha mtu mmoja mwenye gereji akamwambia kwamba ugonjwa ni mmoja na dawa yake ni moja, injini kubwa zaidi. Ndiyo sababu ya mitamba. Injini ikiisha kupatikana, mashine itapakiwa juu ya lori ipelekwe kiwanja cha ndege cha Kabunde, Homa Bay, ambako ameona njia ya kurukia iliyonyooka kuliko barabara yake. Swali lake kwetu ni hili: injini hiyo iwe ya nguvu za farasi ngapi?

Jibu letu ni fupi, na maelezo yake ni marefu. Bwana, usinunue injini yoyote. Warudishe mitamba malishoni.

Katika barua hii yenye vipimo vya kila kitu, hata unene wa nati, kuna kipimo kimoja ambacho hakimo, nacho ni uzito. Kijana amejenga chombo cha kuinuliwa na hewa pasipo kukipima kwa mizani hata siku moja. Basi sisi tumejaribu kukipima kwa kalamu. Bomba la maji la inchi moja lina uzito wa karibu kilo mbili na nusu kwa kila mita. Mabomba 14 ya mita 6 ni mita 84, na hizo ni kilo 200 kabla hatujaweka kitu kingine chochote. Mabati ya juu na chini ya mabawa yatapita kilo 50. Injini, pamoja na radieta, maji yake na betri, tuseme kilo 150. Magurudumu, tangi, kiti na petroli, kilo 50. Mwenyewe anasema ana kilo 70. Jumla ni kilo 520, na twaogopa kwamba tumempunguzia.

Eneo la mabawa yake ni mita 12 za mraba. Kila mita ya mraba, basi, imetwikwa zaidi ya kilo 43. Sasa hewa haimwinui mtu kwa kumhurumia. Huinua kwa mwendo, na mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Tumepiga hesabu kwa hewa ya Migori wakati wa mchana, na kwa mabawa ya kawaida yasiyokuwa na ufundi mkubwa, tukaona kwamba mashine hii sharti ifike karibu kilomita 95 kwa saa ndipo magurudumu yaache ardhi. Yeye alifika 60. Katika mwendo huo mabawa yalikuwa yamebeba kama sehemu nne katika kumi za uzito, na sehemu sita zilikuwa bado juu ya magurudumu. Kwa hiyo mashine haikuwa na ukaidi wala uchawi. Ilitoa jibu la haki kwa swali aliloiuliza.

Mwenye gereji atasema, “Vema, injini kubwa itaifikisha 95.” Lakini injini kubwa ni chuma zaidi. Tuseme imeongeza kilo 80. Mwendo unaohitajiwa sasa umepanda ukapita 100, na mabomba yale yale yaliyochomewa nyuma ya nyumba, ambayo hakuna aliyeyajaribu kwa mzigo, yatatakiwa kustahimili hayo yote. Hapa hatuzungumzi tena habari za kuingia majanini.

Wako wasomaji ambao watauliza kama kweli nguvu ndogo yaweza kurusha kitu. Wawaangalie Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baisikeli wa mji wa Dayton katika Marekani. Mashine yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 12 tu, ambayo ni nguvu ya pikipiki ya bodaboda inayopita mbele ya duka lako sasa hivi. Ilikuwa na uzito wa kilo 274 bila mtu, na mabawa yenye eneo la mita 47 za mraba, ya mbao na kitambaa. Hesabu mwenyewe: pamoja na mtu, kila mita ya mraba ilibeba kama kilo 7. Siku ile waliruka mara nne. Mara ya kwanza walikaa angani sekunde 12, na mara ya mwisho sekunde 59.

Lakini watu husoma habari za sekunde 12 wakasahau miaka iliyotangulia. Mwaka wa 1901 ndege yao isiyo na injini iliwaaibisha, kwani iliinua kidogo sana kuliko vitabu vilivyosema. Hawakukimbilia kutafuta injini. Walirudi dukani, wakatengeneza sanduku refu la mbao lenye feni upande mmoja, wakatia ndani yake vibawa vidogo vya bati, aina nyingi, wakivipima kimoja kimoja hata wakajua kwamba makosa yalikuwa katika tarakimu za vitabu. Mwaka wa 1902 waliteleza angani mamia ya mara bila injini, wajifunze kuitawala ndege. Injini ilikuja mwisho. Hata hapo mambo hayakunyooka. Mwezi wa Novemba 1903 mashafti ya kuzungushia rafadha yalivunjika. Yalikuwa ya bomba, na Orville akasafiri hadi Dayton kutengeneza mengine ya chuma kisichokuwa na tundu. Magurudumu ya meno yalilegea katika shafti, wakayakaza kwa gundi ya kubandikia mipira ya baisikeli. Tarehe 14 Desemba Wilbur alijaribu, akainua pua mno, ndege ikaanguka baada ya sekunde tatu na nusu. Wakaitengeneza, wakangoja upepo mzuri. Hao ndio watu ambao twaambiwa walivumbua ndege siku moja.

Jambo moja jingine la siku ile latuhusu sana sisi watu wa Nyanza. Ilikuwa majira ya baridi kali, pwani ya bahari, na upepo mkali ukiwapiga usoni. Hewa baridi ya pwani ni nzito, hushika bawa kama maji mazito yanavyoshika kasia. Sisi tuko mahali gani? Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na kila unapoliacha ukienda Migori unapanda. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Mchana wa digri 30, mahali palipo mita 1,200, hewa ina uzito wa kama sehemu 82 tu katika kila 100 za ile ambayo watengenezaji wa ndege huandika katika vitabu vyao. Yaani kwa bawa na kwa injini ni kana kwamba umesimama mita 2,000 juu ya bahari. Bawa latafuta mwendo zaidi, kama sehemu 10 kwa mia. Injini isiyo na kisukuma hewa inavuta pumzi nyembamba, nayo hupoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Rafadha nayo inakamata hewa kidogo. Mambo hayo matatu yakiungana, ndege ndogo ambayo pwani ingekimbia mita 300 ikapaa, hapa itataka nusu ya hizo tena juu yake, au zaidi. Mimi sidhani mashine ya akina Wright ingeacha ardhi ya Kabunde saa nane mchana, hata wangekuja nayo wenyewe.

Kwa hiyo kosa la pili la kijana wetu lilikuwa la saa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, digri 18, hewa imetulia na imekuwa nzito kidogo, kama sehemu 86. Na wavuvi wa Homa Bay hawahitaji kufundishwa na gazeti habari za pepo: usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likiisha kupanda hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawingu ya mvua yakasimama upande wa Kisii.

Upepo huo ndio pengine siri ya lile bawa la kushoto. Alikuwa akielekea kaskazini, saa nane mchana. Mwenye kuelekea kaskazini kutoka Migori ziwa liko mkono wake wa kushoto. Upepo wa ziwa ulimpiga ubavuni, ukaingia chini ya bawa la upande huo, na mashine ambayo sehemu nne za uzito wake zilikuwa zimekwisha kuwa nyepesi ikainama. Tunasema pengine, kwa sababu iko sababu nyingine inayoweza kuleta dalili hiyo hiyo. Huenda mabawa mawili hayakufungwa kwa mwinamo mmoja. Hilo asilikisie, alipime. Aiweke mashine mahali tambarare ndani ya banda, achukue pima maji ya mwashi na ubao ulionyooka, apime mwinamo wa bawa la kulia mita moja kutoka kiunzini, kisha la kushoto mita moja vilevile, halafu karibu na ncha. Tofauti ya digri moja tu yatosha kuigeuza ndege. Akikuta yako sawa, basi upepo ndio mshitakiwa. Akikuta tofauti, airekebishe hiyo peke yake, asiguse kitu kingine siku hiyo.

Nitaeleza kwa nini asiguse kitu kingine. Katika ujana wangu niliitwa kutazama injini ya posho iliyokuwa ikizimika kila baada ya robo saa. Nilikuwa na haraka, na mwenye mashine alikuwa amesimama nyuma yangu, na kina mama wamekaa na ndoo zao za mahindi. Nikasafisha chujio la mafuta, nikabadili nozeli, nikakaza mkanda, yote kwa pamoja. Injini ikanguruma vizuri, nikalipwa, nikasifiwa. Baada ya majuma mawili ikaanza tena kuzimika, na sasa sikuwa na habari hata kidogo ni lipi katika yale matatu lililoiponya, wala kama kweli liliiponya. Nilirudi mara nne. Tangu siku hiyo ninalo daftari. Kitu kimoja hubadilishwa, hujaribiwa, huandikwa, ndipo cha pili. Injini ya posho ikizimika unga husubiri. Ile nyingine ikizimika iko juu ya miti.

Sasa tuje kwa rafadha, maana hapa ndipo nguvu ya injini aliyo nayo inapopotelea. Ameifunga moja kwa moja katika shafti ya injini ya motakaa. Injini ya namna hiyo hutoa nguvu zake kamili ikizunguka mara 5,000 au zaidi kwa dakika. Rafadha ya mita 1.8 haiwezi kwenda hivyo. Mara 2,500 kwa dakika, ncha yake inakata hewa kwa mita 235 kwa sekunde, nayo ni sawa. Mara 4,000, ncha inakwenda mita 377 kwa sekunde, imeupita mwendo wa sauti, ambao katika joto letu ni kama mita 348. Hapo rafadha haivuti tena, hupiga kelele tu na kula nguvu. Kwa kweli injini yake haifiki hata huko. Rafadha ndefu imeilemea, inazunguka polepole, na labda nusu ya nguvu zake haijatoka kamwe. Akiikata rafadha iwe fupi, mita 1.2, ili injini ipate kukimbia hadi 5,500, ncha zitaukaribia tena mwendo wa sauti. Ndiyo maana akina Wright waliweka mnyororo, kama ule wa baisikeli, injini ikimbie na rafadha izunguke polepole. Injini ndogo za ndege za siku hizi zina gia za kupunguza mwendo kwa sababu iyo hiyo. Wajenzi wengine hutumia injini ya Volkswagen ile ya zamani ya Kobe, ambayo hupozwa kwa hewa bila radieta, na hutosheka kuzunguka kama mara 3,000 ikiwa na rafadha fupi.

Mvuto wa rafadha wapimika kwa senti chache. Pale gatini Homa Bay kuna mizani za kuning'iniza za kupimia samaki. Aazime iliyo kubwa, aifunge kati ya mkia wa ndege na mti mnene, vigingi vya akiba viwe mbele ya magurudumu, watu wote wakae nyuma, asiwepo mtoto, na injini ipewe mafuta yote. Mizani itasema imevuta kilo ngapi. Ikiwa mvuto haukufika hata robo ya uzito wote wa ndege pamoja na mtu, hakuna barabara itakayotosha.

Kuchemka kwa injini hakunishangazi. Radieta ya motakaa imezoea kupigwa na upepo wa mbele gari likienda. Akiificha nyuma ya mabomba pasipo njia ya hewa kuingia na kutoka, itachemka daima. Lakini iko hatari iliyojificha kuliko maji, nayo ni petroli. Bomba la petroli lililopita karibu na injini yenye moto hufanya mvuke ndani yake, na mvuke haupiti katika kabureta kama mafuta. Injini hufa ghafla. Tena pua ikiinuliwa, tangi lililokuwa juu ya kabureta laweza kuwa chini yake. Jaribio lake ni hili: pua ya ndege iinuliwe juu ya mbao kama itakavyokuwa ikipaa, injini ikiwa baridi kabisa, bomba lifunguliwe penye kabureta, na petroli iteremke katika debe huku mtu akitazama saa. Ikiwa inateremka kwa uzito wake bila pampu, sharti itoke mara moja na nusu ya kiasi ambacho injini hula inapofanya kazi kwa nguvu zote. Sigara na mashine ya kuchomea viwe mbali.

Labda msomaji ataona kwamba tunahangaika na mambo madogo. Mwaka wa 2012 halmashauri ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilitoa taarifa juu ya ndege zilizojengwa majumbani, ikitazama ajali zaidi ya 200 za mwaka mmoja, 2011. Sababu mbili zilizotangulia zilikuwa hizi: injini kushindwa, na rubani kushindwa kuitawala ndege. Na nyingi zilitukia mapema katika maisha ya ndege, baadhi yake katika safari ya kwanza kabisa.

Hiyo ya kutawala ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwani yahusu mahali ulipo uzito, si kiasi chake tu. Kila mtu aliyepakia gunia la mahindi nyuma ya baisikeli anajua jinsi gurudumu la mbele linavyopunga hewani na usukani ukakataa kusikia. Ndege nayo ina mahali pake pa kushikwa. Katika ndege yenye bawa mbele na mkia nyuma, uzito wote sharti uangukie karibu na robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ukiwa mbele mno, pua haiinuki. Ukiwa nyuma mno, pua huinuka kwa urahisi wa kupendeza, na haishuki tena hata ndege ipoteze mwendo na kuanguka.

Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Mashine inyooshwe kama itakavyokuwa angani, yeye aketi kitini, tangi lijazwe. Mizani tatu za kununulia mahindi ziwekwe chini ya magurudumu matatu. Akiwa na moja tu, atumie mbao za kimo sawa na hiyo chini ya mengine, akiihamisha. Nitatoa mfano wa ndege nyingine, nyepesi. Gurudumu la mbele limebeba kilo 60, na mawili ya nyuma kilo 150 kila moja. Jumla ni 360. Magurudumu ya nyuma yako mita 1.5 nyuma ya lile la mbele. Zidisha 300 kwa 1.5, upate 450, gawa kwa 360, jibu ni mita 1.25. Hapo ndipo uzito ulipo, ukipima kutoka gurudumu la mbele. Kama ukingo wa bawa uko mita 0.95 kutoka gurudumu hilo, na bawa lina upana wa mita 1.2, basi uzito uko sentimita 30 ndani ya bawa, ambazo ni robo kamili. Ndege hiyo imepakiwa vizuri. Ya kwako je?

Asije mtu akadhani kwamba makosa ya namna hii ni ya Waafrika. Mwaka wa 1933 Mfaransa mmoja, Henri Mignet, alirusha ndege ndogo aliyoijenga mwenyewe, ambayo aliita Chawa wa Mbinguni, na Waingereza wakaiita Kiroboto. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kuijenga nyumbani, na ikawa kama homa. Watu wengi katika Ufaransa na Uingereza wakaanza kupiga misumari. Iliruka vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ilipoinamisha pua kupita kiasi, hewa iliyopita kati ya bawa la mbele na la nyuma iliinua lile la nyuma, na rubani alipovuta usukani ili ainue pua ndege ikazidi kuinama. Watu walikufa mmoja mmoja, na wengi walisema ni uzembe wa marubani. Mwaka wa 1936 ndege nzima ilifungwa ndani ya nyumba kubwa za upepo, katika Ufaransa na katika Uingereza, ikapimwa, ndipo ugonjwa ukaonekana. Haukuwa katika injini.

Hapa Kenya yuko Bwana Gabriel Nderitu wa upande wa Nyeri, mtu wa kompyuta, ambaye magazeti ya kwetu na ya ng'ambo yameandika habari zake mara nyingi. Amejenga mashine moja baada ya nyingine, na hakuacha kwa sababu ya kicheko cha watu. Twamtaja ili kijana wa Migori ajue kwamba hayuko peke yake.

Limebaki la Kabunde. Hata mashine ikipimwa na kurekebishwa, kuipeleka kiwanjani kwa lori alfajiri na kuikimbiza pasipo ruhusa ni kuvunja Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka wa 2013. Ndege haipandi anga la Kenya isipokuwa imeandikishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ikapewa namba yake inayoanza na 5Y na hati ya kwamba yafaa kuruka. Kijana atasema hizo ni kazi za makarani. Na tumwulize swali moja ambalo barua yake haikuligusa: je, wewe umepata kuendesha ndege? Kwa maana mashine inayokimbizwa “kujaribu tu” mara nyingine huinuliwa na upepo mita tatu bila kukusudia, na aliye ndani hajui kushuka. Rubani wa kwanza wa mashine hii, ikiwa siku hiyo itafika, sharti awe mwenye leseni aliyezoea ndege ndogo. Katika Marekani ndege ya nyumbani huruka saa 40 za majaribio, au 25 ikiwa injini na rafadha yake ni za aina iliyokubaliwa, mbali na makao ya watu, bila abiria. Hapo ndipo huachiliwa kwenda kwingine.

Basi, ndugu yetu, twakusihi uanze na mizani tu. Mabati yaondoe, uyapime, uyaweke kando. Mabawa ya kitambaa yatakupunguzia kilo nyingi kwa siku moja, nayo haidhuru ukikosea ukashona tena. Tuletee barua ya pili yenye tarakimu nne: uzito wa gurudumu la mbele, wa kulia, wa kushoto, na umbali kati ya la mbele na ya nyuma. Tutazipigia hesabu hapa hapa mbele ya wasomaji. Juma lijalo ni zamu ya pampu.